Mkono wa Birika, Meza ya Dirishani

Mimi ni mpishi, na mgahawa wetu wote nauona kupitia kidirisha cha kupitishia sahani. Nikiinama kidogo naona meza, naona kaunta, namwona bosi amekaa nyuma ya droo ya pesa, na namwona Shangazi anakatiza kati ya viti na sahani tatu kwenye mkono mmoja. Usiniulize anazishikaje. Siku moja nilijaribu, nikavunja mbili, na ya tatu akaivaa mteja.

Shangazi hana undugu na yeyote pale. Ni mama wa makamo, mnene wa wastani, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na alianza kazi pale wakati mimi sijui hata kukaanga yai. Bosi anamwita Shangazi. Wateja wanaomzidi umri nao wanamwita Shangazi, na wote anawaitikia "abee" bila kinyongo.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana bila kujua utaratibu wetu hamtaelewa balaa lililotupata. Sisi meza hatuziiti kwa namba. Mgahawa ni mdogo, watu wakija wengi wanaunganisha meza, wakiondoka wanaziacha shaghalabaghala, na namba zote zinavurugika. Kwa hiyo Shangazi kila mteja amempa jina lake. Anainama kidirishani na kuninong'oneza: "Bwana Harusi, supu. Miwani, wali samaki, chumvi kidogo. Mama Simu mpe chai upesi, akishakata simu atahamia kwangu!" Huyo Bwana Harusi ana watoto walioota ndevu, ila kila siku lazima avae suti. Mimi nikisikia jina namjua mtu, na sahani yake naijua. Majina hayohayo ndiyo anayoandika kwenye vikaratasi vya oda, na nikishapika navitupa. Bili alikuwa anaiandika bosi kwa mkono, bila jina la mtu. Hakuna mteja aliyewahi kujua anaitwaje kwetu.

Meza ya dirishani, kila mchana, alikuwa anakaa mzee mwenye jengo. Sisi ni wapangaji wake, na mwenye duka la dawa la jirani ni mpangaji wake, na vyumba vyote vya juu ni vyake. Mzee yule anakula, jamani! Supu, wali, samaki, matunda, na chai juu yake. Akimaliza anafuta mdomo, anatia mfukoni vijiti vya meno vya kutosha ukoo mzima, anaaga kwa heshima zote, huyoo! Bakshishi hajawahi kuacha hata sarafu iliyopinda. Shangazi alimwita Mkono wa Birika, na jina likamkaa kama alizaliwa nalo.

Basi, hali ikaanza kuwa ngumu. Gesi ikapanda, mafuta ya kupikia yakapanda, unga ndio usiseme. Wateja wa nyama wakahamia kwenye maharage, na wa maharage wakahamia kwenye chai kavu. Siku moja tukafika kazini tukakuta bosi amebandika tangazo ukutani: kila bili itaongezwa ada ya huduma, asilimia kumi. Tukamuuliza, bosi, hii ada ni yetu? Akasema tuendelee na kazi kwanza, mengine tutazungumza. Tukaendelea na kazi. Mengine hayakuzungumzwa.

Na hapo ndipo bakshishi zilipokatika. Pale kaunta tulikuwa na kopo la bati, kila mhudumu anachoachiwa anatumbukiza humo, na jioni tunagawana wote, mpaka mimi wa jikoni na muosha vyombo. Lilikuwa linalia siku nzima. Baada ya ada kuanza, likanyamaza. Unategemea nini? Mteja anaona neno huduma kwenye bili, anajua wahudumu wameshapata chao, tena kwa lazima. Kuna waliokuwa wanaondoka wametununia kabisa kana kwamba sisi ndio tumewachomolea pesa mfukoni.

Matusi yote alikuwa anayapokea Shangazi, maana ndiye anayepeleka bili. Kijana mmoja alimwambia, "Huduma gani hii ninayolipia? Kwani umenilisha?" Shangazi akamjibu, "Ungesema mapema, mwanangu. Ningekulisha na kukubembeleza." Meza nzima ikacheka, na kijana akalipa. Lakini si wote wanaocheka. Kuna mwanamume alimtupia bili usoni, na mimi nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Shangazi akanirudisha kwa macho tu. "Mpishi, rudi, wali wako unaungua." Na kweli ulikuwa unaungua.

Halafu bosi akatoa jipya. Wahudumu walikuwa watatu. Akasema mwisho wa mwezi watabaki wawili, na atakayeondoka ni yule anayelalamikiwa zaidi na wateja. Mimi niliona ni uonevu wa wazi. Anayehudumia meza nyingi ndiye anayelalamikiwa zaidi, na meza nyingi ni za Shangazi! Mumewe ni fundi mitambo, kiwanda kilikuwa kimempunguza, yuko nyumbani anatengeneza pasi za majirani bure. Binti yao alikuwa chuo cha uuguzi, amebakiza muhula mmoja amalize. Shangazi akipoteza kazi, binti anarudi nyumbani na mabegi yake. Hilo alinieleza mara moja tu, tukiwa tunamenya vitunguu, na akaomba nisimtangazie mtu. Niliumia sana, sifichi.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Nitacheka nao," akasema. "Hakuna atakayepata la kunilalamikia hata akilitafuta kwa tochi."

Na alijitahidi, Mungu anaona. Wiki zikapita bila lalamiko hata moja. Mpaka ilipokuja mashine.

Mashine yenyewe ni ya kutoa risiti. Mhudumu anabonyeza chakula, yenyewe inajumlisha, inaweka na ile ada, inachapa. Bosi aliileta asubuhi, akawafundisha wahudumu harakaharaka huku wateja wameshaanza kuingia. Alichosisitiza ni kimoja. "Jazeni kila kitu. Jina la mteja, meza, chakula. Mkiacha nafasi wazi inagoma."

Shangazi akajaza kila kitu. Jina la mteja aliulizwa, na jina la mteja analo. Nani alimwambia kwamba hilo jina litachapwa juu kabisa ya risiti, kwa herufi kubwa, na kupelekwa mezani? Hakuna! Wenzake wawili walikuwa wageni kidogo kazini, wao waliandika "mteja, mteja, mteja" wakasonga mbele.

Wa kwanza kupewa yake alikuwa Miwani. Miwani haoni vizuri hata akiwa nayo, akalipa akaenda zake. Wa pili akawa mzee mwenye jengo.

Nilikuwa nachota supu niliposikia kimya. Mgahawa saa ya chakula cha mchana haunyamazi hata kidogo, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Nikainama kidirishani. Mzee amesimama, risiti ameishika mbali na macho, kisha karibu na macho, kisha mbali tena.

"Mkono wa Birika," akasoma kwa sauti. "Meza ya dirishani." Akageuka. "Shangazi, huyu ni nani?"

Shangazi alisimama na trei kifuani kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Bosi alikuwa ameshanyanyuka kaunta, rangi imemtoka. Huyo si mteja wa kawaida, ni mwenye jengo! Nikajua imekwisha. Nikauona muhula wa yule binti unayeyuka mbele ya macho yangu.

"Nisamehe mzee wangu," Shangazi akasema mwishowe. "Huyo ni wewe. Sitakudanganya. Ni majina yetu ya jikoni tu, hayakutakiwa kutoka nje."

"Ananifanyia kazi hapa mpaka leo tu!" bosi akaropoka. "Mzee, tuwie radhi, huyu leo hii namwondoa!"

"Subiri wewe," mzee akamkata. Alikuwa amekasirika, lakini kilichomuuma kilikuwa kingine. "Mimi bahili? Mimi? Tangu mwezi wa juzi kila siku nalipa asilimia kumi za huduma, silalamiki, silewi, sipigi kelele. Nyie mnazila, halafu mnaniita mkono wa birika! Ada yenu si hii hapa, imeandikwa?"

"Mzee wangu, hiyo ada sijawahi kuitia mkononi," Shangazi akasema. Hakusema kwa kulalamika, alisema kama anavyotaja bei ya chai. "Hata shilingi. Hakuna mhudumu hapa aliyeipata."

Miguno ikapita meza kwa meza. Mama Simu alikata simu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mzee akamgeukia bosi taratibu.

"Inakwenda wapi?"

"Mzee, haya tuyaongee ofisini..."

"Ofisi gani? Jengo langu nalijua, huna ofisi. Sema hapahapa. Inakwenda wapi?"

Bosi wetu si mtu mbaya, naomba mjue hivyo. Ni mwoga tu, na mwoga akibanwa kwenye kona anatoa ukweli wote kwa mkupuo. "Inakuja kwako, mzee!" akasema, karibu alie. "Si ulinipandishia kodi? Ningeitoa wapi? Kila mwisho wa mwezi naikusanya yote nakuletea wewe!"

Weee! Bwana Harusi ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia, akajizuia, kisha suti yote ikaanza kutikisika. Wengine wakapokea. Mimi nilikuwa naning'inia kidirishani na upawa unachuruzika supu sakafuni. Mzee wa watu alibaki amesimama anahesabu kichwani, na uso wake ulikuwa unaonyesha kila hatua ya hesabu: kumbe kila mchana anajilipa mwenyewe asilimia kumi kwa kuletewa samaki na mtu mwingine.

"Kumbe hata mimi unanikamua ili unilipe mimi," akamwambia bosi, na mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Akakaa. Akacheka mpaka akatafuta kitambaa. "Haya. Futa hilo neno huduma kwenye mashine yako. Unawasingizia wahudumu."

"Niandike kodi?"

"Unataka mtaa mzima unilaani wakati nakula? Futa yote! Ile kodi njoo tuizungumze, tuone." Kisha akatia mkono mfukoni. Niliona kwa macho yangu, na muosha vyombo ni shahidi, maana nilimvuta shati aje aone. Mzee akatoa noti, si sarafu, akaenda nayo mpaka kaunta na kuitumbukiza kwenye kopo. "Shangazi, kesho nitakuta jina gani?"

"Jina lako la kwanza ulilipata kwa miaka, mzee wangu," Shangazi akasema, ulimi wake umesharudi. "Hili jipya nalo tutakuangalia kwanza."

Hapo mgahawa ukalipuka. Kila mtu anataka kujua jina lake. Bwana Harusi alipoambiwa lake alifurahi kama ameposa upya, akatumbukiza na yeye. Mama Simu alinuna kidogo, akampigia dada yake kumweleza, dada yake akacheka, na yeye akacheka. Kopo likalia mchana kutwa.

Lakini mimi sikuwa na raha. Bosi alikuwa ametamka mbele za watu kwamba Shangazi anaondoka leo, na hakuwa amelifuta. Wateja walipoisha alikuwa bado kaunta, amejiinamia. Shangazi naye alikuwa ameshavua aproni, ameikunja vizuri, amekuja kuiweka mbele yake.

"Kaa," bosi akasema.

"Nikae wapi?"

"Hapo. Kwenye kiti."

Kwetu mhudumu hakai kwenye viti vya wateja, ni mwiko. Shangazi akakaa kwenye ncha tu ya kiti. Bosi akaja jikoni kwangu bila kunitazama, akamimina chai mwenyewe. Alitafuta sukari kwenye kopo la chumvi, nikamwonyesha kwa kidole. Akatoka na kikombe kwa mikono yote miwili, anatembea kama anavuka mto, na bado nusu ikamwagikia kwenye kisosi. Akakiweka mbele ya Shangazi, akabaki amesimama pembeni ya meza, mikono haijui pa kwenda.

"Nilisema maneno ya woga," akasema. "Sikuondoi. Huondoki leo wala mwisho wa mwezi. Na ile ya kupunguza wahudumu nimeiacha, kodi ikishuka tutabanana wote hivyohivyo." Akaongeza, "Ile ada niliwaachia nyie matusi yake, mimi nikajificha nyuma ya droo. Nisamehe, Shangazi."

Shangazi akavuta kikombe. Alikunywa chai yake yote, polepole, mpaka na ile ya kwenye kisosi. Nikaona machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Kisha akasimama, akavaa aproni yake, akafungua mkoba, na kuweka sarafu moja chini ya kisosi.

"Chai imemwagika na sukari haikukorogwa," akamwambia bosi, "lakini umejitahidi. Hiyo ni yako. Usimpelekee mwenye jengo."