Vilemba vya Afande Mbuzi

Mume wangu Pantaleo ni katekista wa kigango chetu, hapa nje kidogo ya Ushirombo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Padre hutufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili zinazobaki ni Pantaleo anayeongoza ibada, na watu wakifa ni yeye anayewazika. Mtu mzito. Akikohoa tu kanisani, watoto wanakaa sawa. Sasa mtu huyohuyo, Jumamosi saa kumi jioni ikikaribia, hata kama yuko shambani anapalilia mpunga, anatupa jembe na kukimbia nyumbani. Anakimbia, jamani! Mzee wa miaka hamsini na nane, tope hadi magotini, anamuwahi mbuzi kwenye televisheni.

Katuni yenyewe inaitwa Afande Mbuzi. Ni mbuzi trafiki aliyepangiwa njia panda ambayo haijawahi kupita gari hata moja. Basi anakamata chochote kinachopita: siafu kwa kwenda msafara bila kibali, upepo kwa kukosa taa, wingu kwa kuegesha pasiporuhusiwa. Pantaleo hucheka mpaka anateleza kitini. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni, nimeipa televisheni mgongo, nachambua mchele na kusonya.

"Baba Hosiana, huoni haya? Mtu anayezika watu!"

"Nyamaza kidogo, Mama Hosiana, kobe anaandikiwa faini."

Ya mbuzi yangeishia sebuleni kwangu kama si Kwaresima iliyopita. Bibi Anisia, mwenyekiti wa kina mama, ana mguu mbovu na anatoka ng'ambo ya mto. Jumapili moja aliingia ibada ikiwa katikati, anaburuta mguu, fimbo inagonga sakafu, ko, ko, ko. Vijana wa benchi la nyuma, wametoka machimboni na viatu vipya, wakaangua kicheko. Pantaleo alikuwa anahubiri. Nikaona mishipa ya shingo inamtoka.

"Usimcheke aendaye polepole," akanguruma, "hujui alichobeba! Yoshua bin Sira!"

Vijana wakainamisha vichwa, na Bibi Anisia akafika kwenye nafasi yake, akakaa.

Neno lile lilishika, wee! Likasemwa sokoni, likasemwa kisimani, mkwe wa jirani yangu Nyamizi akaliandika nyuma ya bodaboda yake. Tulipopata habari kwamba Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara, kina mama hawakujiuliza mara mbili. Walikwenda Kahama wakachapisha vilemba themanini vya njano, neno lile limekaa kwenye paji la uso, na chini yake: Yoshua bin Sira. Sura na mstari waliacha nafasi, watashona wenyewe kwa uzi mwekundu.

Jumamosi, kesho yake Askofu anafika, uani kwangu kulijaa wanawake na sindano.

"Mwalimu," Bibi Anisia akaita, "tupe sura na mstari."

"Mara moja," akasema Pantaleo, akaingia ndani.

Mara moja ikawa nusu saa. Nikamfuata. Nilimkuta kitandani, Biblia magotini, jasho linamtiririka.

"Sioni," akanong'ona. "Nimeanza sura ya kwanza, niko ya hamsini. Imebaki moja."

Hapo hapo nikajua. "Baba Hosiana, hayo si ya Sira. Ni ya Afande Mbuzi. Alimkamata kobe kwa mwendo wa pole, kumbe kobe amebeba filimbi ya afande iliyopotea siku tatu."

Akanikodolea macho. "Wewe umejuaje?"

"Kwani masikio yana mlango?"

Maskini, alikuwa anaamini kabisa kwamba ni Neno. Akashika kichwa. "Nimemwingiza mbuzi kwenye Biblia. Mbele ya Askofu! Ukatekista wangu umekwisha."

"Wape sura yoyote. Nani atafungua?"

"Askofu."

Ehee. Askofu nilikuwa nimemsahau.

"Hata asingefungua," akasema, "watoto ninaowafundisha wasiseme uongo, nitawatazamaje?"

Nikamwona anavaa koti lake la ibada, vifungo vyote, kama mtu anayekwenda kujizika mwenyewe. Akatoka uani, akasimama katikati ya vile vilemba vya njano, akaungama yote: mbuzi, kobe, filimbi. Hakuficha kitu. Sindano zilisimama hewani. Nyamizi alijiziba mdomo kwa kilemba, mabega yanamruka.

Bibi Anisia akainuka. Kuinuka kwake kunachukua muda, na tukangoja.

"Mwalimu, siku ile waliyonicheka, unajua nilibeba nini?"

"Sijui, bibi."

"Nilibeba funguo za chama cha kina mama. Nilikuja kuzikabidhi, nirudi nyumbani, nisikanyage tena kanisani. Nimechoka kuchekwa. Uliposema lile neno, nikazirudisha mfukoni." Akatugeukia sisi wote. "Balaamu alisemeshwa na punda, na mnasoma kila mwaka wala hamshangai. Mimi nimesemeshwa na mbuzi. Kuna mwenye neno?"

Nani awe na neno! Nyamizi ndiye aliyeanza, kicheko kikamponyoka kama uji unaofurika, kisha uani kote tukaanguka. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Pantaleo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na Bibi Anisia anampigapiga mgongoni akimshukuru, "Wabeja, mwalimu, wabeja sana." Jina la Sira tukalifunika kwa utepe, na juu ya utepe, kilemba kwa kilemba, tukatarizi kwa uzi mwekundu: Afande Mbuzi.

Kesho yake Baba Askofu alishuka garini, akakuta mistari miwili ya vichwa vya njano. Akasoma kilemba cha kwanza. Akasoma cha pili. Akamwita Pantaleo.

"Mwalimu, huyu Afande Mbuzi ni mtakatifu wa wapi?"

Pantaleo akamweleza kila kitu, kofia mkononi. Alipofika kwenye wingu lililokamatwa kwa kuegesha vibaya, Askofu akaanza kutikisika, akashikilia mlango wa gari, akafuta machozi kwa leso.

"Neno ni la kweli," akasema. "Ila siku nyingine mtaje mwenyewe." Kisha akasogea, akashusha sauti. "Hicho kipindi kinaonyeshwa lini?"

"Jumamosi saa kumi, Baba Askofu," nikajibu mimi, mdomo umenitangulia, "na marudio ni Jumatano saa tisa, na ya Jumatano haikatwi na taarifa ya habari!"

Vichwa vyote vya njano vikanigeukia. Pantaleo, ambaye kila Jumatano saa tisa yuko kanisani na watoto wa mafundisho, akanitazama kuanzia miguuni hadi kilembani.

"Mama Hosiana," akasema, "kumbe kuna marudio?"