Kura ya Tisa

Umewahi kumlea mtoto kwa mikono yako, halafu siku unayomhitaji kuliko zote akanyanyuka na kukuacha mbele za watu?

Mimi yalinikuta, hapa hapa kisiwani Molokai.

Mume wangu Lopaka alifariki bila kumtaja mrithi wa kiwanja chetu. Ardhi ile ni ya sisi Wahawaii wenyeji, lakini mwenye kauli ni tume ya watu tisa. Wao ndio wangeamua: nibaki mimi, au aingie shemeji yangu Palani na mimi nifungashe.

Sikuwa na wasiwasi. Mmoja wa wale tisa alikuwa Kamuela, mtoto wa kaka yangu. Nilimchukua hajaota hata jino, kwa ile desturi yetu ya kupeana watoto. Mama yake aliishi nyumba ya pili, kwa hiyo mimi aliniita shangazi tu.

Asubuhi ya kikao nilimvisha shada la majani mabichi pale mlangoni. Hakunitazama usoni.

Sala ikasomwa. Nikaeleza yangu, Palani akaeleza yake.

"Haya, tupige kura," mwenyekiti akasema.

Kamuela akasimama. "Mimi najitoa."

Akapita mbele yangu, huyo, nje!

Palani akacheka. "Pole, shemeji. Hata uliyemlisha poi, uji wetu wa magimbi, kakukimbia!"

Walibaki wanane, na mimi nilihitaji watano.

Mikono ikanyooshwa. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne.

Mkono wa tano haukuonekana.

Mjumbe mmoja, mama wa kisiwa cha Kauai, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Ndipo akanyoosha wake.

Palani akaruka. "Hii kura imepikwa! Kamuela ni damu yake! Tutakutana mahakamani!"

"Kamuela yupi?" mwenyekiti akamuuliza. "Aliyekuwa nje?"

Wakili wa Palani akafunga mkoba. "Mzee, twende. Angepiga kura, tungeifuta yote. Sasa hatuna pa kushika."

Jamani, niliona aibu. Kumbe mtu anaweza kukulinda kwa kukaa mbali nawe. Msiwe na haraka ya kumlaani kama mimi.

Kamuela akaitwa ndani aseme kwenye kipaza sauti kwa nini alijitoa, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

"Sema tu ni shangazi yako, tumalize," mwenyekiti akamwambia.

Akanigeukia.

"Hapana. Andikeni ni mama yangu."