Maombi ya Mama Quincy Kuhusu Viwanja vya Tenisi

Pale mtaani Section 58 kila mtu anajua kwamba Mama Quincy akiombea chai, mtainywa ikiwa baridi. Ndegwa, mwenye jengo la maduka, hakuwa ameonywa. Aliita majirani awaeleze mpango wake wa kujenga viwanja vya tenisi kwenye parking ya nyuma isiyo na magari, kisha akaomba mama yeyote afungue mkutano kwa maombi.

Mama Quincy alisimama mbio. Kwenye parking hiyo ndiko huanika mahindi ya shamba lake la Subukia, na ni nani atamkatiza mtu anayeongea na Mungu?

"Baba," akaanza, macho amefumba, "unaona vile wanataka kufukuza mahindi ndiyo kampira kapate pa kuruka. Kampira hakaliwi, Bwana. Mwondolee Ndegwa wazo hilo."

"Amina!" wote wakaitikia, hata Ndegwa, kwa mazoea tu.

Basi, nani tena angebisha? Watu wakanywa soda, wakasifu hali ya hewa. Lakini Ndegwa naye ni mtoto wa mzee wa kanisa. Akasema atafunga mkutano mwenyewe.

"Asante Mungu kwa viwanja hivi, vyenye sakafu laini na uzio usiopitisha kuku, ambavyo kila mavuno tutavifunga, mama yetu aanike humo mahindi yake."

Mama Quincy akafungua jicho moja, akamwangalia, akalifumba tena.

"Na maharagwe pia, Baba," akaongezea haraka. "Amina!"