Kishika Mwendo na Njia ya Wakwe

Juzi nilikuwa gereji hapa Bagamoyo, dereva mmoja anafungiwa kifaa kipya kwenye gari lake la abiria lililotoka Japani. Kazi yake ni kushika mwendo: ukibonyeza kitufe unaondoa mguu kwenye mafuta, na gari linakwenda lenyewe mpaka uguse breki.

Tukaenda kukijaribu njia ya Fukayosi, nami nikadandia. Dereva akabonyeza, akakunja mguu kama yuko barazani kwake.

"Raha iliyoje!"

Mara akakanyaga breki. Mama mkwe wake alikuwa nje ya nyumba, anapepeta mchele. Akateremka, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Wakaulizana mpaka habari za mbuzi. Tukaondoka, akabonyeza tena. Mbele akatokea shemeji, halafu mjomba wa mkewe. Kila mmoja na breki yake.

Waliokiunda walifikiria barabara ndefu, wakwe hawakuwafikiria.

Tuliporudi, fundi akauliza, "Vipi, nikitoe?"

"Kiache hapo hapo," dereva akajibu, akikipapasa kitufe chake. "Nitakitumia njia ya Ubena. Huko sijaoa."