Konsati ya Kabla ya Kula

Nje ya lango letu hapa Ruiru kuna kijana anayeziba pancha za pikipiki. Asubuhi akifungua kikopo chake cha gundi, harufu huingia hadi jikoni ninakochemsha chai. Ni harufu kali, ya kukwaruza pua, na mimi badala ya kufunga dirisha hukaa nayo kidogo mpaka hasira ya zamani inipande: hasira ya msichana wa miaka kumi na mmoja aliyesimama kando ya barabara na viatu vyeupe, huku baba yake amechutama akitafuta tundu la tyubu ndani ya karai la kuazima. Namshukuru Mungu kwa mengi. Kwa pancha ile bado najaribu.

Siku hizi mambo ni rahisi mno. Juzi mjukuu wangu alikuwa na konsati Kamakis, na saa ya kuanza ilipofika bado alikuwa anapaka mafuta ya midomo. Nikamuuliza kama haendi. "Cucu, relax, ni hapo tu. Nachukua boda." Alifika kabla hawajaanza. Nilishukuru, lakini nilikasirika pia, na nikikueleza safari yangu utajua kwa nini.

Tulikaa Gatuanyaga, kule ambako vumbi hukaa kwenye nguo hata ukizifua mara mbili. Baba alikuwa na ng'ombe watatu, shamba dogo la mahindi na baiskeli nyeusi yenye keria pana. Alikuwa shemasi. Aliweza kusoma Biblia ya Kikuyu, polepole, kidole chini ya mstari, lakini Kiswahili cha kuandikwa kilimshinda. Mama hakusoma kabisa. Kwa hiyo mimi, mtoto wa darasa la tano, ndiye niliyekuwa macho ya nyumba. Barua ikifika, nilisimama katikati ya sebule nikaisoma kwa sauti, na watu wazima wakanyamaza. Naona aibu kusema jinsi nilivyopenda kunyamaza kwao.

Kila Jumamosi nilikwenda Thika kwa mazoezi ya kwaya ya watoto. Mwalimu wetu, Mwalimu Kamau, alikuwa na sikio zuri la muziki na ulimi mbaya wa Kiswahili. R na l zilikuwa zinahama mdomoni mwake kama kuku wasio na banda. "Msirare, watoto! Reteni sauti!" alituambia, nasi tulijificha nyuma ya vitabu tukicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu shuleni nilikuwa nimesifiwa kwamba sichanganyi.

Mwaka huo tulialikwa kuimba kwenye konsati kanisani Ruiru, na mimi nilipewa ubeti wa kwanza, peke yangu, kabla wengine hawajaingia. Niliuimba kwa ng'ombe, niliuimba kisimani, mpaka Mama akaniomba niwape ng'ombe nafasi ya kulala. Halafu wiki ya mwisho malaria ikanilaza, nikakosa mazoezi. Mwalimu akatuma barua kwa mkono wa mtu wa maziwa. Watoto wa Thika wangekwenda kwa lori la kanisa. Mimi nitafute njia yangu. Mwishoni aliandika: "Watoto wataimba kabla ya kura. Asichelewe."

Niliisoma, nikatabasamu. Kabla ya kura. Mwalimu Kamau tena. Nikachukua penseli, na mbele ya wazazi wangu nikaigeuza ile r kuwa l, vizuri, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

"Kabla ya kula," nikawatangazia.

Baba aliniita maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Una hakika, maitu?"

"Baba, ni Mwalimu Kamau. Yeye husema kura chakura."

Mama alicheka. Baba aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti. "Haya. Wewe ndiye unasoma. Kanisani hawali kabla ya saa saba. Nitakamua, nipeleke maziwa, tuondoke saa tatu."

Tuliondoka saa tatu, mimi nimekaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, viatu vyeupe nimevining'iniza mbali na mnyororo. Kutoka kwetu hadi Ruiru kwa baiskeli ni safari ya saa mbili kwa mtu anayeendesha. Baba hakuwa mtu wa kuendesha. Alikuwa mtu wa kushuka. Aliamini kwamba mzee hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli, na asubuhi ile ilionekana kwangu kwamba wazee wote wa upande ule walikuwa wameamka mapema kutungojea. Akiona mzee mbele, alishika breki, akashuka, akanishusha na mimi, akavua kofia, akauliza hali ya watu, ya mifugo na ya mvua. Halafu tulipanda. Halafu kulikuwa na mwingine.

Bibi mmoja aliyebeba kuni alitusimamisha mwenyewe. "Mtoto unampeleka wapi na viatu vya harusi?"

"Konsati, Ruiru."

"Konsati ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, mama. Ataimba."

"Na huku kwetu hakuna masikio?" Akanitazama juu mpaka chini. "Imba kidogo nisikie, basi."

Nikasema sauti itachoka. Baba akanitazama, nikaimba. Bibi akasema ni vizuri lakini nile zaidi. Tukaondoka, na nikahesabu kimoyomoyo dakika alizotupotezea.

Tulipovuka mji wa Thika nilianza kupumua. Lakini kwenye mteremko wa Ndarugu gurudumu la nyuma likatoa pumzi yake yote. Ndipo lile karai, ile gundi, na mama wa nyumba jirani aliyekataa katakata tuondoke bila chai. Baba alikaa kwenye kigoda akipuliza kikombe kana kwamba Ruiru ingetembea ije imkute. Nilisema, "Baba, tumechelewa." Akasema, "Kula ni saa saba, maitu. Kunywa chai." Nilikunywa ikaniunguza ulimi, nikamlaumu yeye. Juu ya keria nililia bila sauti, nikimwomba Mungu anipe baba mwingine hadi jioni tu.

Tulifika saa sita na nusu. Nilivaa viatu, nikapiga mbio hadi mlango wa ukumbi, na hapo nikasimama. Hakuna aliyekuwa anaimba. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na kiondo kilichofunikwa kitambaa, na watu wazima walikuwa wanarudi kwenye viti vyao wakiwa wametoka kutumbukiza vikaratasi. Walikuwa wanachagua kamati ya kwaya.

Kura. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Watoto wenzangu walikuwa nje wakicheza, jasho likiwatoka, kazi yao imeisha tangu saa nne. Ubeti wangu ulikuwa umeimbwa na msichana wa Ruiru. Mwalimu Kamau alitujia ameiva kwa hasira. "Barua haikufika? Niriandika kabla ya kula!" Na hata hapo, kwa mdomo wake mwenyewe, kura ilitoka kula. Ningecheka kama nisingekuwa nimeganda.

Niliuona mkono wa Baba ukienda kwenye mfuko wa koti. Nikajua ataitoa, na penseli yangu itaonekana na kila mtu. Mkono ukatulia pale juu ya mfuko.

"Ilifika, mwalimu. Uliandika vizuri. Kosa ni langu, nilisimama sana njiani kusalimu watu."

Wazee waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo angesalimu hata mawe." Baba akacheka nao. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Si kunyamaza tu. Kabla ya kufika mwisho wa kicheko chao nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli kosa ni lake.

"Mtoto ametoka mbali," Baba akasema. "Hakuna nafasi kidogo?"

"Programu imekwisha, Mzee. Sasa ni chakura."

"Basi aimbe kabla ya chakula. Iwe ndiyo sala."

Nikasimamishwa kwenye ngazi ya jikoni. Watu walikuwa foleni na sahani, harufu ya githeri imewafika, na bwana mmoja mbele hakuondoa macho kwenye upawa tangu nilipoanza hadi nilipomaliza. Vumbi la Gatuanyaga lilinikwama kooni katikati ya mstari wa pili. Walisema "Amina" kwa pamoja, haraka sana. Hiyo ndiyo iliyokuwa konsati yangu.

Njiani kurudi Baba alishuka kwa kila mzee kama kawaida.

Baada ya wiki mbili, jioni, ilikuja barua kutoka kwa chifu, majirani wawili wakiwa wamekaa kwetu. Nikamwambia Baba sioni vizuri, kichwa kinauma. Akaitia mkononi mwangu. "Soma, maitu. Vile imeandikwa." Hapo nikajua kwamba anajua.

Kwa miaka mingi nilidhani alinikinga na aibu ya siku moja. Baadaye nilifundisha shule ya Jumapili, nikawaona watoto waliochekwa mara moja tu wakafunga midomo yao kwa maisha, na nikaanza kuona alichokuwa ameshika chini ya mkono ule. Na upole wake ambao ulinichosha barabara nzima, nilioudhani ni uvivu wa mtu asiye na pa kwenda, ulikuwa ni upole ule ule wa mkono juu ya mfuko.

Jioni ile nilisoma barua ya chifu na kidole chini ya mstari. Katikati nikafika penye r iliyoonekana kama kosa, nikasimama. Majirani wakatazamana. Baba aliweka kikombe chini, akakunja mikono, akangoja kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani wa kusalimiwa. Nikaisoma r.