Siku Bilonda Alipofanywa Mjane

Nyumba zote za kampi ya polisi ya Kolwezi zilifanana: matofali mekundu, bati, ngazi mbili za mbele, na dirisha moja linalotazama barabara. Ya Tshibola ilijulikana kwa pazia lake la maua ya manjano. Alilishona mwenyewe mwaka ule mumewe Badibanga alipovaa kofia ya polisi kwa mara ya kwanza, na lilikuwa bado linaning'inia pale baada ya kofia kuzikwa pamoja na mwenyewe.

Badibanga alikufa mwezi wa kwanza. Ghala la petroli la mfanyabiashara mmoja lilishika moto, naye alikuwa zamu karibu na soko. Alimtoa mlinzi, akamtoa mke wa mlinzi, akarudi ndani kumfuata mtoto. Mtoto alirushwa nje kupitia dirisha akiwa mzima. Paa likamwangukia aliyemrusha.

Sheria ya kampi ilikuwa fupi. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Mjane hupewa tikiti ya treni arudi Kasai kwa watu wa mumewe, na polisi mwingine huingiza godoro lake. Tshibola alikuwa amekwisha kufunga sufuria zake kwa kamba pale sarja Ngeleka alipokuja kumwambia asiondoke. Serikali itampa marehemu medali. Komisere, yule Mzungu mkuu wa polisi, anataka mjane awepo, avishwe mbele ya watu.

"Na inatoka wapi, hiyo medali?" Tshibola aliuliza.

"Inatoka mbali, mama. Inatoka Ulaya."

"Basi itachelewa?"

Sarja alidhani mama ana haraka nayo. "Vumilia tu. Itafika."

Hakujua alichokuwa anaulizwa. Kabedi, binti pekee wa Tshibola, alikuwa akijifunza kushona kwa masista. Angemaliza mwezi wa saba, na masista walikuwa wamekwisha kusema watamweka kwao awafundishe wadogo. Kule Kasai nako ndugu wa Badibanga alikuwa amekwisha kutuma salamu: mtoto aletwe, mume yupo, mtu mzima mwenye mbuzi wengi. Kwa hiyo wakati kampi nzima inaisubiri medali, Tshibola aliiombea njia ndefu. Meli ipumzike. Treni ikose kuni. Ifike Kabedi akiwa amekwisha kupata kiti chake kwa masista, basi.

Watu walipungua mlangoni. Wanawake waliolia naye wiki ya kwanza walianza kumsalimia huku wanatembea, kisha wakawa wanainua kidevu tu. Hakuwalaumu sana. Mtu wa safari hapandiwi muhogo. Aliyebaki kuja alikuwa mmoja, na huyo alikuja kwa ajili ya nyumba.

Bilonda alikuwa mke wa Stanislas, polisi aliyepewa nafasi ya Badibanga. Wawili hao walibanana katika chumba cha waseja nyuma ya ofisi, naye Bilonda alikuwa na mimba iliyomtangulia kama ngoma. Kila jioni alikuja akaketi kwenye ngazi, akazitazama kuta.

"Mama Kabedi, hii rido utaniachia?"

"Nikuachie pazia langu, wewe ni dada yangu?"

"Eh, mama, usikasirike, mi nauliza tu. Kule Kasai madirisha ni kidogo. Utaivalisha mbuzi."

"Basi mbuzi watapendeza."

Bilonda alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akatoa uzi, akaunyoosha kwenye dirisha, akafunga fundo mahali lilipoishia.

"Unapima nyumba na mwenyewe yumo ndani," Tshibola alisema. "Hata fundi wa masanduku hungoja mgonjwa akate roho."

"Mi pia nangoja, mama. Ona miguu yangu vile inavimba. Hii yote ni kungoja."

Tshibola alimchukia. Lakini jioni, viatu vya Bilonda vya mpira wa gari vikianza kusikika barabarani, mkono wake ulikuwa umekwisha kuweka birika motoni na kutoa vikombe viwili.

Medali ilifika mwezi wa tano.

"Kesho asubuhi, mama," Ngeleka alisema, amesimama wima kana kwamba amekwisha kufika kwenye gwaride. "Mukubwa mumoja anatoka Elisabethville. Vaa nyeusi. Juma likiisha, treni yako iko tayari."

Tshibola alikubali kwa kichwa. Kulipokucha alimtuma Kabedi kwa masista, akaiacha nguo nyeusi juu ya kiti, akachukua jembe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: pasipo mjane, hakuna wa kuvishwa; wasipomvisha mtu, medali itarudi Elisabethville kungoja siku nyingine, na treni itangoja pamoja nayo. Alivuka kijito, akaingia katika shamba lake la muhogo, akalima pasipo na magugu.

King'ora cha mgodi kililia, kikanyamaza. Baadaye akasikia tarumbeta kutoka kampi. Alisimama. Aliyategemea makelele ya watu wanaotafuta mtu. Badala yake vilikuja vifijo na makofi, vikabebwa na upepo mpaka pale alipo. Tshibola aliukaza mkono juu ya mpini. Wanampigia makofi nani?

Aliporudi mchana alimkuta Bilonda ameketi kwenye ngazi. Ile nguo nyeusi ilikuwa magotini mwake. Kifuani, juu ya gauni lake la bluu, iling'aa medali ya Badibanga.

"Ulikuwa fasi gani, mama Kabedi?"

"Shambani."

"Shambani!" Bilonda alipiga paja. "Mi nilikuya kupima mulango tu. Sarja akaingia, jasho inatoka sawa mvua. 'Mama Kabedi eko wapi?' Mi sijui. 'Mukubwa amekwisha kushuka mu gari!' Akaniangalia. Akakamata hii nguo yako, akanitupia ku kichwa. 'Bazungu habajui sura yake. Inamisha kichwa, jibu eyo tu.'"

"Na Stanislas?"

"Alikuwa mu mustari na benzake. Bote bakapiga saluti. Bwana yangu ananipigia saluti, mama, macho imemutoka! Muzungu akasema yake, mukalimani akageuza: 'Mama, bwana yako amekufa kama mwanaume.' Na mi nikajibu, eyo." Aliikunjakunja ile nguo nyeusi. "Eyo, ndiyo, mbele ya bantu bote. Nimekubali kama amekufa, na yeye eko pale anapumua."

Tshibola aliliweka jembe chini. Ile hesabu yake nyepesi ya shambani ilikuwa imemwangukia mtu mwingine.

"Itoe," Bilonda alisema. "Mi sitaigusa. Itoe na mukono yako, na ujane wako utoke nayo."

Tshibola alipiga magoti mbele yake. Pini ilikuwa ngumu, na vidole vyake vilikuwa na udongo. Ilipotoka iliacha matundu mawili madogo kwenye gauni, na kiganjani mwake medali ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, yenye joto la kifua cha mtu mwingine.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Kaa nikuwekee chai."

"Hapana, mama. Hii nyumba siingie tena, hata ukihama. Stanislas amesema, afazali kile chumba."

Aliondoka polepole, mkono kiunoni. Uzi wake wenye fundo ulibaki kizingitini.

Treni ya juma lile iliondoka bila Tshibola. Tikiti ilipaswa kuchukuliwa mbele ya komisere, na komisere alikuwa amekwisha kuiona sura ya mjane wa Badibanga. Angeona ya pili, sarja angelala gerezani. "Kaa kimya, mama," Ngeleka alimnong'oneza penye bomba la maji. "Mi sijaona kitu." Wala hakuna mke wa polisi aliyeiomba nyumba ile ya ujane. Mwezi wa saba Kabedi alimaliza, akahamia kwa masista na sindano zake. Mama yake alikuwa amepata alichokiomba, chote.

Bilonda alijifungua mtoto wa kiume. Tshibola alilishusha pazia la manjano, akalikata, akashona kishati chenye ua moja katikati ya mgongo, akampa Kabedi akipeleke. Kilirudi siku ya tatu, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri.

Kwa hiyo dirisha likabaki wazi. Medali aliitundika kwenye msumari palipokuwa pazia, na jua la jioni likiigusa inatupa doa dogo ukutani. Wanawake hupita upande wa pili wa barabara. Viatu vya mpira huongeza mwendo vinapofika hapo. Asubuhi Tshibola humwona Stanislas akienda zamu, anafunga mkanda huku anatembea, na tangu hapo hatulii. Gari likipiga honi kwa nguvu, hutoka nje. Akiona moshi upande wa soko, huenda mpaka kwenye bomba bila ndoo. Jioni huketi dirishani mpaka kofia ya Stanislas itokee pembeni mwa ofisi, na kichwa kimo ndani yake.

"Amerudi," huliambia birika, na kumimina kikombe kimoja.