Nilimpima binti yangu kwenye mizani ya mahindi, na sikumuuliza kama ameshiba

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Nilistaafu kama afisa wa usajili katika ofisi moja ya serikali, kwa hiyo nitaeleza mambo kwa mpangilio wake na bila kutia chumvi. Mkosaji katika uzi huu ni mimi.

Mwende ni kitinda mimba wetu. Yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Kola, na anakimbia mita elfu tano. Mwaka jana alimaliza wa nne katika kaunti.

Kocha wake akaniambia akipunguza uzito kidogo atafika ngazi ya mkoa, na huko ndiko wasichana hupatia nafasi za kusoma ng'ambo.

Niweke rekodi sawa: kocha alisema "kidogo". Mengine niliyaongeza mwenyewe.

Nilinunua daftari, nikachora safu tatu: tarehe, uzito, muda. Nyumbani hatuna mizani. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda posho mill ya sokoni, kwenye mashine ya kusaga unga, Mwende akasimama kwenye mizani ya magunia mbele ya akina mama wenye madebe yao.

Wakati huo sikuona aibu. Leo naiona.

Niliagiza muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, uwe nusu sahani. Chapati nilipiga marufuku, hata za Jumapili.

Miezi ya kwanza kilo zilishuka na dakika zikashuka nazo. Nilifurahi mno.

Mutiso, mwenye mashine, ndiye aliyeanza kelele. "Mzee, huyu anapungua kama gunia lililotoboka! Kwenu mahindi yameisha?"

Akina mama wakacheka. Nikamwambia, "Mutiso, wewe saga."

Kisha mke wangu akanijia. "Baba Mwende, mtoto hajaona siku zake tangu Februari."

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake, ayashughulikie yeye. Nilipomgusia kocha kwa kuzungukazunguka, alisema hiyo ni dalili kwamba mazoezi yameingia. Nikaridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Baadaye uzito uliendelea kushuka lakini muda ukaanza kupanda. Pembeni mwa safu niliandika neno moja: uvivu. Mwende akasema muundi unamuuma. Nikamwambia apake dawa ya kuchua.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya mkoa, akiwa mazoezini nami nimeshika saa, aliketi katikati ya barabara. Hakuanguka, wakuu. Aliketi, akashika mguu, akakataa kuinuka.

Hospitalini Machakos mjini picha ilionyesha mfupa wa muundi umepasuka. Nilimkabidhi daktari daftari langu. Alikuwa mwanamke wa umri wa kifungua mimba wangu. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Mzee, umeandika vizuri sana. Alikuwa anakula nini?"

Hilo sikuwa nimeliandika.

"Na hedhi yake?"

Mke wangu ndiye aliyejibu.

Daktari akatueleza kwamba mwili unaokimbizwa hivyo bila chakula cha kutosha huanza kujibana. Husimamisha hedhi, kisha mifupa hudhoofika. Na mkimbiaji hupoteza hata ile kasi aliyojinyima chakula kwa ajili yake. "Huyu si mvivu, mzee. Huyu ana njaa."

Mashindano yalikwenda bila yeye. Na ile nafasi ya ng'ambo, kama ilikuwepo, alipewa mwingine.

Sasa anatembea vizuri na anakula bila kupimiwa. Mwezi uliopita mama yake alitangaza mezani kwamba siku zake zimerudi, nami sikumwambia apunguze sauti. Daktari ameruhusu mbio nyepesi. Mwende hajaamua kama anataka.

Nilimwomba msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ana njaa.

"Baba, nilikuwa naisikia hata darasani. Lakini ulikuwa unafurahi sana ukiandika."

Wazazi wenye mabinti wanaokimbia, nawasihi: hedhi ikikoma, mpelekeni mtoto hospitalini wiki hiyo hiyo, na mpakulieni chakula mpaka aseme ameshiba. Baba ukiona haya kuuliza, mwambie mama aulize, kisha umsikilize.

Makocha mlio humu, bado mnawaambia wasichana kwamba hiyo ni dalili njema? Nijibuni waziwazi. Lawama zangu nitazisoma zote.